Hedhi Ikikatika, Kwanza Tazama Sahani

Kila msimu wa mashindano ukikaribia, makocha na wazazi hutuuliza sisi wa kliniki yale yale: msichana mwanamichezo anywe unga gani wa protini, apunguze nini ili awe mwepesi. Ni nadra mtu kuuliza kama anashiba.

Bado wapo wanaoamini kwamba hedhi ikikatika ndiyo mazoezi yamekolea. Sivyo, na tumelisema mara nyingi. Mwili unaokosa nishati hubana matumizi: homoni za uzazi hushuka, hedhi hukatika, na mifupa hukosa estrojeni, homoni ya kike inayoiimarisha, katika umri uleule ambao ingepaswa kujijenga. Nyufa za mfupa kwa mkimbiaji wa miaka 16 mara nyingi zina chanzo hapo. Aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo, au aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe kwa daktari.

Tazameni siku yake. Amekula mchana, jioni ameingia uwanjani tumbo tupu, usiku amerudi hoi, amelala. Apate chochote chenye wanga kabla ya mazoezi, na mlo wa wanga na protini mara amalizapo. Wasichana wa miaka 14 hadi 18 wanahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, wavulana 11. Chai asinywe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Kuhusu virutubisho vya kopo, kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, haziachi mwanya: mwanamichezo anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama lebo haikukitaja. Vidonge vya kukojoza maji ili uzito ushuke vimepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Kosa la kwanza laweza kumfungia mtu mzima miaka 2 hadi 4, kutegemea aina ya dawa na kama alikusudia. Aliye chini ya miaka 16, ikithibitika hakuwa na uzembe mkubwa, hupewa kati ya onyo na miaka 2. Dawa ya daktari iliyomo kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizokatazwa huombewa kibali cha matibabu kabla ya kutumiwa, isipokuwa pana dharura.

Makocha, mizani iondoeni pembeni mwa uwanja. Kumpima msichana mbele ya wenzake na kumsomea kilo zake kwa sauti humfundisha kuruka mlo, na hilo tunalikuta kliniki likiwa limeshaota mizizi.