Je, wajua kwa nini mkuu wa zimamoto haingii kwenye moto?

Nyumba ikiwaka Ngamiani, hapa Tanga, umati hufika kabla ya gari la zimamoto, na lawama hufika pamoja na umati. Gari likishasimama, askari wawili wanabeba mitungi mgongoni na kuzama ndani. Mwenye nyota mabegani anabaki nje. Anaizunguka nyumba, anatazama dari, anaongea na redio ya upepo, anamuuliza saa ngapi mtu anayeandika kwenye kibao nani kaingia na lini. Barazani watu wameshatoa hukumu: bosi anaogopa, kawatanguliza watoto wa wenzake, kiongozi wa kweli angeingia wa kwanza.

Hukumu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba aliye karibu zaidi na moto ndiye anayeujua zaidi. Kwa moto wa jikoni, sawa. Kwa nyumba iliyojaa moshi ni kinyume chake kabisa, na hapo ndipo jambo hili linapopendeza. Aliyeingia anatambaa kwa magoti, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika mpira wa maji. Haoni hata vidole vyake. Katika nyumba nzima anaujua ukuta mmoja, na joto linalomchoma masikio. Hajui kama paa limeanza kupinda, wala kama upepo wa bahari umegeuka na kuusukuma moto upande wake.

Anayeijua minazi ya Tanga atalielewa hili upesi. Mkwezi akiwa juu anaona kole la nazi lililo mbele ya panga lake, basi. Hamwoni mtoto anayekatiza chini, wala hauoni mnazi wenyewe ulivyoliwa na mchwa katikati ya shina. Vyote hivyo anaviona mwenzake aliyesimama kando, mikono mitupu, akionekana hana kazi. Naye huenda ni mkwezi hodari kuliko aliye juu. Lakini akipanda na yeye, mnazi utakuwa na wakwezi wawili na chini hakuna mwenye macho.

Mwenye macho anatazama nini? Moshi, zaidi ya miali ya moto. Wengi tunauchukulia moshi kuwa mabaki ya kilichokwisha kuungua, kumbe sehemu kubwa ni gesi na chembe ambazo hazijaungua bado. Ni kuni zinazoelea. Tabaka la moshi chini ya dari likifikia nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, joto lake humiminika chini na kuviwasha karibu vyote vilivyomo chumbani kwa pamoja, kwa muda wa sekunde tu, na vazi la zimamoto halimlindi mtu hapo kwa muda wa kutosha kutafuta mlango. Aliye ndani gizani anaweza asipate onyo. Aliye nje anaona moshi ukizidi weusi na uzito, ukitoka dirishani kwa nguvu. Au anaona jambo baya zaidi: moshi unaotoka chini ya mlango kisha unavutwa kurudi ndani, dalili kwamba moto una njaa ya hewa na atakayefungua mlango ataulisha.

Jambo la pili analolinda ni hewa, na hii ni hesabu tupu. Mtungi wa lita 6 uliojazwa kwa mgandamizo wa mara 300 ya ule wa kawaida una takriban lita 1,800 za hewa. (Hewa, si oksijeni tupu kama inavyodhaniwa, ni hii hii tunayovuta Raskazone, imechujwa na kushindiliwa.) Anayefanya kazi ya wastani akitumia lita 50 kwa dakika, ana dakika 36. Anayevuta mpira juu ya ngazi, moyo ukienda mbio, anaweza kutumia mara mbili ya hizo, na dakika 36 zinakuwa 18. Filimbi ya mtungi hulia geji, yaani kipimo cha mgandamizo huo, ikishuka kutoka 300 hadi karibu na 50, na hewa inayobaki hapo ni akiba ya dharura. Kwa hiyo aliyeingia na 300 ana 250 za kwenda na kurudi, yaani 125 kila upande, na akifika 175 anapaswa kuwa ameshageuka. Kichwa kilichozama kwenye kazi husahau hesabu hii. Ndiyo maana kuna kibao mlangoni: jina, geji ilisoma ngapi, kaingia saa ngapi, atoke saa ngapi.

Kibao hicho kina historia nzito. Januari 1958 askari wawili wa zimamoto walipotelea katika vijia vya chini ya soko la nyama la Smithfield, London, na hewa ya kupumua ikawaishia. Wakati huo hapakuwa na utaratibu wa uhakika wa kumhesabu aliyeingia. Baada ya hapo Uingereza ilianza kutumia vibao vya mlangoni na filimbi za onyo.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ya aliye nje ni kusema basi. Tarehe 3 Desemba 1999, ghala kuukuu la ubaridi liliwaka Worcester, Marekani: ghorofa sita, karibu halina madirisha. Kulikuwa na habari kwamba watu wawili wasio na makazi walikuwa wakilala humo. Askari wawili waliingia kutafuta, wakapotea. Wengine wanne wakapotea wakiwatafuta hao. Mkuu aliyesimamia ndani, Mike McNamee, alisimama kwenye mlango wa ngazi na kuwazuia kwa mwili wake askari waliotaka kuwafuata wenzao. Wote sita walikufa. Wale wawili waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshatoka zamani.

Tusizidishe, hata hivyo. Kiongozi wa kikundi kidogo huingia na watu wake. Anayebaki nje ni msimamizi wa tukio zima. Gari la kwanza likifika na askari wachache na mtu anapiga kelele dirishani, mkuu anaweza kulazimika kuingia mwenyewe. Kanuni ya kwamba mtu mmoja asisimamie zaidi ya watano hivi hurudiwa sana, ingawa imetokana zaidi na mazoea ya jeshi na menejimenti kuliko vipimo vya motoni. Mtafiti Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto miaka ya 1980, alikuta wengi hawalinganishi njia mbili tatu; wanaitambua hali na kutenda. Inavutia, ila sehemu kubwa ya ushahidi ni simulizi za makamanda wenyewe, na kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe.

Kwa aliye barazani kuna la kufanya zaidi ya kuhukumu. Ukishapiga 114, namba ya zimamoto Tanzania, na gari likafika, kama unajua nani kabaki ndani na chumba kipi, au mtungi wa gesi uko wapi, usimshike aliyevaa barakoa. Mwendee yule aliyesimama tu.