Mhadhara wa falsafa, raha yake iko kwenye maswali

Ratiba ya muhula ya idara ya falsafa ikitoka tu wanafunzi wananiuliza, mwalimu niende mhadhara upi, na nitaelewa kweli? Mi nawaambia usianze na jina la mzungumzaji, anza na ikisiri, ile aya moja au mbili chini ya mada, utafute vitu viwili tu, huyu anadai nini na anabishana na nani. Ukivipata umeshaingia, hata kama nusu ya istilahi hujawahi kuzisikia.

Mhadhara na warsha ni vitu tofauti. Kwenye mhadhara mtu anaongea kama saa hivi, wengine wanasoma makala yao neno kwa neno, wengine wanagawa kitini chenye hoja zilizopewa namba, alafu maswali yanaweza kuchukua muda karibu ule ule. Warsha nyingi makala inatumwa mapema, mnakuja mmeisoma, na mara nyingi anayefungua sio mwandishi, ni mtu aliyepewa kazi ya kuichambua. Kama una nafasi ya kimoja tu nenda warsha, pale hoja bado mbichi na unaiona ikifumuliwa.

Kuna desturi ya idara nyingi ambayo mgeni haambiwi: mkono ni swali jipya, kidole ni nyongeza kwenye swali linalojadiliwa, na mwongoza kikao anaandika foleni. Sehemu nyingine swali la kwanza wanaachiwa wanafunzi, na kwa maoni yangu ingekuwa hivyo kila mahali, maana maprofesa wawili wakishikana muda wote umeisha.

Sasa swali gani uulize? Silaha kubwa ni mfano pinzani, yaani kisa kimoja kinachoonyesha dai la jumla sio kweli. Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa 3 hivi. Wengi walichukulia kwamba kujua jambo ni kuliamini, liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Yeye akamleta Smith, mtu wa kubuni anayegombea kazi moja na Jones, ana ushahidi wa kutosha kwamba kazi atapewa Jones, na amehesabu sarafu 10 mfukoni mwa Jones, kwa hiyo anaamini atakayepata kazi ana sarafu 10 mfukoni. Kumbe kazi anapata Smith mwenyewe, na bila kujua naye ana sarafu 10! Aliamini, ilikuwa kweli, sababu alikuwa nazo, ila alijua? Wengi wanasema hapana, na mpaka leo wanafalsafa hawajaelewana kujua ni nini hasa.

Mfano kama huo hauhitaji uwe umesoma maktaba nzima. Ukiona hatua fulani ya hoja haijakukaa, inua mkono, itaje hatua yenyewe, toa kisa kifupi kinachoivunja, alafu nyamaza usikilize jibu. Usihutubie.

Na makala ya warsha iombe kwa mwandaaji siku kadhaa kabla, ila kama imeandikwa isinukuliwe bila ruhusa usiisambaze, ni rasimu ya mtu ambaye bado anafikiri.