Redioni riba imeshuka, Igurusi mkopo ni uleule

Julai 2025 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Siku chache baadaye nilikuwa Igurusi, mkoani Mbeya, pale penye mashine za kukoboa mpunga kandokando ya barabara kuu. Mama mmoja, mnunuzi wa mpunga wa Mbarali, akanisimamisha. Ananijua, kwa sababu chuo chetu hufika pale mara kwa mara kutoa elimu ya fedha.

"Mwalimu, redioni wamesema riba imeshuka. Mimi benki wananikata ileile. Hapo nani mwongo?"

Hakuna mwongo. Riba inayotangazwa na Benki Kuu si ya mama wa Igurusi wala si yangu. Ni kipimo cha bei ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku saba. Benki Kuu huingiza au kuvuta fedha sokoni ili bei hiyo isitoke nje ya asilimia 2 juu au chini ya kiwango kilichotangazwa. Utaratibu huu wenyewe bado mchanga: ulianza Januari 2024 kwa riba ya asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo. Kabla ya hapo Benki Kuu ilikuwa inadhibiti zaidi wingi wa fedha kuliko bei yake.

Mkopo unapomfikia mama, benki imeshajumlisha gharama ya amana za wateja, mishahara, jengo na hofu ya kutolipwa. Tulikaa juu ya magunia tukapiga hesabu yake. Tuseme amekopa milioni 20 kwa asilimia 18 kwa mwaka, akakaa nazo miezi 8, toka mavuno hadi bei ya mchele inapochangamka mwanzoni mwa mwaka. Riba ni milioni 2.4. Benki ikimpunguzia ile robo ya asilimia yote bila kubakiza kitu, anaokoa shilingi 33,000 na ushee. Nauli ya kwenda Mbeya mjini mara chache, na chai.

"Sasa kelele zote zile za nini?" akauliza.

Kelele zina maana, ila haziko kwenye mkopo mmoja. Ziko kwenye tabia. Fedha ikiwa rahisi kwa muda mrefu, afisa mikopo hulegeza kamba. Kiwanja alichokikataa mwaka juzi kuwa dhamana, leo anakipokea. Wafanyabiashara kumi waliokuwa wananunua mpunga wanakuwa thelathini, wote wakitazama bei ileile ya Januari. Maghala yanajaa na kila mmoja anajiona mjanja. Mvua ikinyesha vizuri Usangu na Kyela kwa pamoja, au soko la nje likisinzia, bei haipandi, na wote thelathini wanakwama kwa wakati mmoja. Hatari ya mabenki hupandwa siku za neema, ndiyo maana wengi wetu hatuioni.

Benki Kuu ikikaza riba, upande wa pili unaumia. Hukaza ili mfumuko wa bei usipande na shilingi isiporomoke, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kujali, maana mbolea tunayoitia kwenye mahindi na viazi kwa sehemu kubwa inatoka nje. Shilingi ikidhoofika, DAP na Urea husikia kwanza. Tena yule msafirishaji wa Tunduma aliyekopa kwa dola huku akilipwa kwa shilingi anaona deni lake linanenepa wakati yeye hajaongeza hata senti. Lakini riba ikipanda, aliyekopa akiwa amebanwa tangu mwanzo anaanza kuruka marejesho. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 unaingia kwenye daftari la mikopo chechefu. Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki. Miaka michache iliyopita mabenki yetu yalikuwa yamevuka asilimia 10, na kushuka kutoka huko kulichukua muda na maumivu.

Kuna jeraha jingine ambalo halihitaji mkopaji mbaya hata mmoja, na hili nalisimulia kila ninapopata nafasi kwa sababu watu hudhani benki huanguka kwa wizi tu. Marekani, benki iitwayo Silicon Valley Bank ilikuwa imeweka fedha nyingi za wateja kwenye hati fungani za muda mrefu, yaani karatasi za kukopesha zinazolipa riba kila mwaka hadi siku ya kurejeshwa fedha, nyingi zikiwa za serikali au zenye mkono wa serikali nyuma yake. Salama kabisa, ungesema. Machi 2022 benki kuu ya huko ikaanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri. Kufikia Februari 2023 ilikuwa asilimia 4.5 hadi 4.75.

Chukua hati ya milioni 100 inayolipa milioni 2 kwa mwaka. Serikali ikianza kuuza hati mpya za bei hiyohiyo zinazolipa milioni 4, nani atanunua yako kwa milioni 100? Utaishusha bei mpaka mnunuzi aone faida. Hujaibiwa wala hujadhulumiwa, na ukivumilia hadi hati iive utalipwa yote. Tatizo linaanza pale wenye amana wanapotaka fedha zao leo. Benki ile iliuza hati kwa hasara ya dola bilioni 1.8 hivi, habari zikasambaa kwenye simu, na Machi 9, 2023 wateja wakaagiza kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake serikali ikaifunga. Nasi tuna hati fungani za serikali za hadi miaka 25, na mabenki yetu yanazinunua. Somo hilo si la Wamarekani peke yao.

Hapo ndipo ugumu wa Benki Kuu ulipo: riba ni moja, kazi ni mbili, kutuliza bei na kuyaweka mabenki salama. Mkulima wa Mbarali analielewa hili kuliko wachumi wengi. Lango la banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, ni moja. Ukilifungua, maji yanakwenda kwa wote, mwenye jaruba lililokauka na mwenye jaruba linalotaka kufurika. Huwezi kufunga banio zima kwa sababu ya tuta moja lililobomoka. Utaua mpunga wa wengine. Unamwambia mwenye tuta alijenge.

Matuta ya mabenki ni mtaji, ukwasi na ukaguzi. Benki inatakiwa iwe na fedha za wenye benki za kubeba hasara kabla hasara haijagusa amana ya mtu, ibakize kiasi cha kuwalipa wanaokuja dirishani, na ikaguliwe. Wakati mwingine lango huchepushwa kwa makusudi: mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba mkulima asitozwe zaidi ya asilimia 10. Binafsi naiona hatua nzuri, ilimradi benki inayopokea haisahau kwamba mkopo wa bei nafuu kwa mtu asiyeweza kulipa bado ni mkopo mbaya.

Tuta likibomoka, sisi huku tumeliona kwa macho. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Mwaka uliotangulia ilikuwa Mbinga Community Bank. Siwezi kusema riba ya nchi ndiyo iliyoziangusha. Ninachosema ni kwamba benki ya wilaya moja huishi kwa mavuno ya wilaya moja: wakopaji wake wanategemea mvua moja, barabara moja, bei moja. Ikiwa na mtaji mdogo juu ya hapo, mtikisiko ambao benki kubwa inaupokea kama kikohozi, kwao ni homa ya kulazwa. Na kuzifunga, japo kuliuma, kuliwalinda wenye amana kuliko kuziacha ziendelee kupokea fedha za watu.

Wakati ule mwenye amana kwenye benki iliyofungwa alilindwa na bima ya amana hadi shilingi milioni 1.5 tu. Sasa ni milioni 7.5 kwa kila mtu katika kila benki. Ukiwa na akaunti tatu kwenye benki moja zinajumlishwa kuwa moja. Ukiwa kwenye benki mbili tofauti unahesabiwa mara mbili. SACCOS na VICOBA haziko kwenye bima hiyo, na wengi niliokutana nao Uyole na sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, hawakuwa wanalijua hilo. Sembuse wale wa mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza, ambao hawaangalii riba ya Benki Kuu imepanda au imeshuka. Wao wanaangalia friji na televisheni yako.

Mama alinisikiliza huku mkono wake ukiwa ndani ya gunia, akichambua chenga na kuzitupia kuku. Nilipofika kwenye ile milioni 7.5 akanyanyua uso.

"Na huu mpunga wangu humu ghalani, bei ikigoma, nao una bima?"

"Hauna, mama. Bima ni ya amana."

Akatazama ghala, limejaa hadi karibu na bati. Akamwita kijana wa mashine, akamwambia akoboe gunia kumi leoleo, zipelekwe Mwanjelwa, zilizobaki zisubiri.