Mifupa ya anayesafishwa damu: dagaa na maziwa si dawa

Kigoma mtu akilalamika magoti na nyonga, ataambiwa kwanza ale dagaa na anywe maziwa. Mwenye figo nzima hana hasara. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi anaweza kuumia kwa ushauri huohuo, tena unatoka kwa watu wanaompenda. Haya ndiyo maneno yanayosemwa, na jibu la kila moja.

"Mifupa inauma kwa kuwa kalsiamu imepungua, aongezewe."
Mara nyingi mzizi ni fosforasi iliyozidi, madini yanayotoka kwenye chakula. Figo zilizochoka haziitoi, inarundikana. Tezi nne ndogo za shingoni, zinazoitwa parathiroidi, hujibu kwa kumwaga homoni ya PTH, nayo hunyofoa kalsiamu mifupani. Mfupa unadhoofika, huku kalsiamu na fosforasi zikiganda kwenye kuta za mishipa ya damu na vali za moyo. Hapo si mfupa peke yake ulio hatarini.

Dagaa wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, huliwa wazima, na fosforasi nyingi imo kwenye vichwa na mifupa yao. Hata hivyo, asikatazwe samaki: anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ampate samaki aina ya mgebuka, ale minofu, aache mifupa. Kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza hupunguza fosforasi. Ute mweupe wa yai ni bora zaidi, una protini nyingi na fosforasi kidogo sana.

"Mashine inaondoa yote."
Saa nne za mashine huondoa takriban miligramu 600 hadi 1,000 za fosforasi. Chakula cha siku moja tu huweza kuleta 1,000 au zaidi, na zaidi ya nusu yake huingia mwilini. Nyingi hukaa ndani ya mifupa na seli na hutoka polepole, mashine haiifikii. Anayehudhuria mara mbili kwa wiki badala ya tatu kwa sababu ya gharama anabaki na mzigo mkubwa zaidi.

"Kidonge cha kalsiamu kinajenga mfupa, kinywe asubuhi kabla ya kula."
Hili ndilo kosa tunalotamani liishe. Kalsiamu kaboneti hapa kazi yake ni kunasa fosforasi tumboni itoke na choo. Itafunwe pamoja na tonge za mwanzo. Ikinywewa tumbo tupu hainasi kitu, na kalsiamu inaingia kwenye damu. Siku asiyokula mlo fulani, aruke na kidonge cha mlo huo. Vidonge vya madini ya chuma vitenganishwe nacho kwa saa mbili au zaidi, na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, inywewe angalau saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, kwa sababu kalsiamu huzuia dawa hizo kufyonzwa. Idadi ya vidonge apange daktari.

"Jua letu linatosha kwa vitamini D."
Ngozi huitengeneza na ini huibadilisha, lakini hatua ya mwisho ya kuifanya ifanye kazi hutegemea figo. Ndiyo maana wengine huandikiwa aina iliyokwisha kukamilishwa.

"Maharage yapigwe marufuku, soda haina shida."
Ni kinyume. Fosforasi ya maharage imefungwa, tunafyonza sehemu tu. Ile iliyotiwa kwenye soda nyeusi huingia karibu yote.

"Haumwi, basi mifupa ni mizima."
PTH hupanda kimya kimya kwa miaka. Fosforasi na kalsiamu zipimwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, PTH kila miezi mitatu hadi sita. Ngozi ikiwasha usiku, au mapaja yakikosa nguvu ya kuinuka kitini, asisubiri zamu ya vipimo. Amwambie muuguzi siku hiyohiyo ya kusafishwa.