Ifundishe roboti kurudi njiani

Anayeanza kuifundisha roboti kwa kuiongoza mkono hutaka kila onyesho liwe safi: kikombe kinashikwa mara moja, kinapelekwa bila kusita, kinatua kwenye trei bila kugusa ukingo. Maonyesho 50 ya aina hiyo yanapendeza, lakini roboti iliyojifunza kwayo pekee huharibu kazi mapema. Ikitoka kwenye njia kwa milimita chache tu, inajikuta mahali ambapo hakuna onyesho lililowahi kufika. Inabahatisha, inazidi kupotea, na kosa linazaa kosa.

Tatizo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliunda ALVINN, mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) ulioendesha gari kwa kutazama picha ya pikseli 30 kwa 32. Dereva mzuri hachepuki, kwa hiyo mtandao haukuwa na mahali pa kujifunza jinsi ya kurudi katikati ya barabara. Dawa yake ilikuwa kuzisogeza picha kushoto na kulia kwa kompyuta, kana kwamba gari limechepuka, na kuipa kila moja usukani wa kulirudisha. Mwaka 2011 Stéphane Ross na wenzake walitoa mbinu iitwayo DAgger: roboti inaachwa ifanye kazi yenyewe, mtu anaonyesha hatua sahihi kwa kila hali iliyoangukia, data hiyo inaongezwa kwenye ya awali na modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na maonyesho, inafundishwa upya.

Mezani, jambo hilo linafanyika hivi. Peleka koleo la roboti, sehemu yake ya kushikia vitu, mahali pabaya kwa makusudi, tuseme sentimita 3 kando ya kikombe, au likiwa limeinama. Hapo ndipo uanze kurekodi, kisha ulirudishe njiani na kumaliza kazi. Mpangilio huu usiugeuze. Ukiwasha rekodi kabla ya kuchepuka, roboti itajifunza kuchepuka pia, na itafanya hivyo kwa bidii. Kwa kazi ya kushika na kuweka, mimi hupendelea maonyesho 30 safi na 20 ya kurudi njiani kuliko 100 safi matupu.

Lakini kabla ya yote hayo, ingiza kwenye kidhibiti, kompyuta inayoongoza mota za roboti, uzito halisi wa koleo na kitovu chake cha uzito. Katika hali ya kuongozwa kwa mkono, mota hubeba uzito wote ili mkono wa roboti usogee kwa wepesi. Ukiandika uzito pungufu, mkono unazama wenyewe, nawe unaubeba bila kujijua. Kiganja kinachoka na njia zinaanza kutetereka. Kama kuna kitufe cha ruhusa cha hatua tatu, kibonyeze nusu tu: ukikiachia roboti inasimama, na ukikiminya hadi mwisho kwa hofu inasimama vilevile. Ndivyo kilivyokusudiwa.

Kamera nazo zina mtego wake. Ukiiongoza roboti kwa mkono, mkono wako unaingia kwenye picha, na siku ya kazi haupo. Rekodi mwendo wa viungo kwanza, rudisha vitu mahali pake, kisha icheze roboti mwendo huohuo ukiwa umesimama pembeni. Picha za mara hii ya pili ndizo za kutunza.

Kukiwa na kizuizi katikati, chagua upande mmoja wa kukipitia katika maonyesho yote. Modeli rahisi hukokotoa wastani, na wastani wa kushoto na kulia ni kukigonga kizuizi.

Halafu kuna kusita. Kwa kasi ya kurekodi ya mara 50 kwa sekunde, sekunde 2 za kufikiri ni fremu (rekodi za papo kwa papo) 100 zinazosema "tulia hapohapo". Roboti hufika palepale ulipositia na kuganda, na wengi hukimbilia kulaumu mota. Kata fremu ambazo viungo vyote vimetulia, ila zile ambazo koleo linafunga. Hizo ukizikata, roboti itainua mkono kabla haijakishika kikombe.