Mwami aliondoka, ngoma ikabaki

Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo na pia ni mchezo wenyewe. Kwa Kirundi, ingoma ni chombo na pia ni utawala. Ndiyo maana wakubwa wa Burundi hawajawahi kuichukulia kama burudani tu.

Zamani Mwami, yaani mfalme, ndiye aliyefungua msimu wa kupanda mtama, katika sherehe ya umuganuro, na ngoma zilikuwa zake. Novemba 1966 ufalme ukafutwa. Jamhuri ikakitupa kiti cha enzi, lakini ngoma ikaing'ang'ania: zimlaki mgeni wa taifa, zisafiri na jina la nchi. Mwaka 1982 Warundi walizipiga Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki na ngoma za dunia.

Ukiwaona utaelewa. Wanaingia na magogo yaliyowambwa ngozi, wameyabeba kichwani, na wanayapiga hukohuko kichwani huku wakitembea. Wanayatua kwa nusu duara, idadi yake witiri, moja likiwa katikati. Kisha mmoja anachomoka na kuruka juu mbele ya hilo la katikati, mirisho (fimbo za kupigia) mkononi. Hakuna hotuba ya balozi inayofua dafu hapo, na nimesikiliza hotuba nyingi.

Mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi usioshikika wa dunia. Oktoba 2017 ikaja amri ya Rais Pierre Nkurunziza: vikundi vijiandikishe wizarani, onyesho nje ya sherehe rasmi liombewe kibali na kulipiwa faranga 500,000, na wanawake wasiguse ngoma, wabaki na michezo yao.

Hapo, kwa maoni yangu, serikali ilijikwaa. Utamaduni huvuta watu wa nje kwa sababu mtazamaji anaamini anawaona Warundi, si wizara. Akishajua kuna kibali nyuma ya kila pigo, anaanza kutazama kibali. Tena wapigaji wengi walikuwa wameshakimbia machafuko ya 2015, na ujuzi hauachwi mpakani.

Ng'ambo ya mpaka huo, Huye, kusini mwa Rwanda, wanawake wanapiga tangu 2004, ingawa huko nako ngoma ilikuwa ya wanaume. Kikundi chao, kilichoanzishwa na msanii Odile Gakire Katese miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, kimealikwa nchi nyingi. Kinaitwa Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya. Na kwa Kinyarwanda pia, ingoma ni utawala.