Mguu mmoja wa baridi: usiukande!

Napima ultrasaundi hapa Mbeya. Kila msimu wa baridi, kuanzia Juni, naletewa miguu iliyoungua kwa kukandwa, kumbe mshipa wa damu umeziba. Maswali ni yaleyale.

Mshipa wa mguu unazibaje?
Mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni. Hatari zaidi ni kwa wavuta sigara, wenye kisukari na wenye presha.

Nitajuaje?
Ukipanda mlima kigimbi kinabana, ukisimama dakika chache kinaachia, ukiendelea kinabana tena. Usiseme ni uzee. Kama usiku huwezi kulala mpaka uning'inize mguu kitandani, umeshachelewa, ila njoo.

Si baridi ya huku kwetu tu? Nikiukanda?
Hapana. Baridi ya Mbeya hushika miguu yote miwili. Mmoja ukipoa kuliko mwenzake, tatizo ni damu. Usiukande kwa maji ya moto. Usiuote kwenye jiko la mkaa. Ngozi iliyokosa damu huungua upesi na kupona kwake ni shida. Mzee mmoja mwenye kisukari alivua soksi mbele yangu, ngozi ya unyayo ikabaki ndani ya soksi. Alikuwa ameota moto usiku kucha. "Sikusikia kitu, mwanangu," aliniambia. Vaa soksi za sufu, zinatosha.

Na kuchanja chale?
Hapana! Chale ni kidonda, na kidonda hakiponi bila damu.

Kipimo kinauma?
Hakiumi, wala hakina mionzi. Napaka jeli, napitisha kifaa kutoka kwenye kinena hadi kwenye kifundo. Palipobana damu hukimbia, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo. Kasi ikizidi mara 2 ya ile ya juu kidogo ya hapo, najua nusu ya njia au zaidi imeziba. Tunagawa pia presha ya kifundo kwa ya mkono: jibu likiwa chini ya 0.9 si salama. Kwa wenye kisukari namba hiyo huweza kudanganya, maana mishipa yao hukakamaa. Usiridhike nayo peke yake.

Naweza kusubiri nimalize kuvuna viazi?
Maumivu ya kutembea tu, njoo wiki hii. Lakini mguu ukipauka ghafla, ukapoa, ukafa ganzi, vidole vikagoma kucheza, usingoje kuche. Baada ya muda wa saa 6 hivi nyama huanza kufa. Amsha jirani mwenye gari, twende hospitali ya rufaa. Na njiani, tafadhali, mtu asiukande.